Kimya cha Mezani: Usimulizi na Umaarufu wa "Ode to Billie Joe"

Mwezi Agosti 1967, wimbo "Ode to Billie Joe" wa Bobbie Gentry ulifika nambari 1 katika chati ya Hot 100 ya jarida la Billboard, ukadumu hapo majuma manne. Katika chati ya kantri ya jarida hilohilo haukuvuka nafasi ya 17. Tofauti hii inashangaza, kwani mandhari yake ni ya kantri tupu: pamba ya Mississippi, kunde mezani, mhubiri, daraja la mto Tallahatchie. Umaarufu wake umezoeleka kuelezwa kwa swali moja: msichana na Billie Joe walitupa nini kutoka darajani? Makala haya yanashikilia kuwa swali hilo linaupotosha wimbo.

Familia inakula chakula cha mchana. Mama analeta habari kwamba kijana Billie Joe amejirusha darajani. Baba anatoa hukumu fupi juu ya akili za marehemu, kisha anaomba apitishiwe chakula. Kaka anakumbuka utani wa zamani huku akitaka kipande kingine cha pai. Mama anashangaa kwamba binti hali, na papo hapo anasimulia aliyoyasikia kwa mhubiri: msichana anayefanana na binti huyo alionekana na marehemu, wakitupa kitu mtoni. Hakuna mezani anayeyaunganisha mambo hayo mawili.

Msimulizi ni binti mwenyewe. Nafsi ya kwanza, ambayo aghalabu hutumiwa kuufungua moyo wa mhusika, hapa imetumiwa kuufunga. Anaripoti kwa uaminifu kauli za wengine, vyakula na majina ya mahali. Neno lake mwenyewe mezani hatulisikii hata moja. Huzuni yake tunaijua kwa sahani isiyoguswa.

Mhakiki aliyelelewa na ushairi wa Kiswahili atashawishika kukiita kitu kile fumbo. Nasita. Fumbo huwa na jibu, hata kama wanaolijua ni wachache. Kitu hiki hakina jibu ndani ya matini. Kazi yake ni kuwaweka vijana wawili mahali pamoja, basi. Gentry mwenyewe alieleza kuwa alikusudia kuonyesha ukatili usiojitambua wa watu wanaojadili kifo huku wakila. Filamu ya 1976 iliyoandikwa na Herman Raucher ilitoa sababu ya kifo, na kwa kufanya hivyo ikaugeuza wimbo kuwa siri ya kufichuliwa.

Muziki nao unakataa kufariji. Hakuna kiitikio cha kupumzikia; kila ubeti unarudi darajani. (Mto huohuo ndimo ulimoopolewa mwili wa Emmett Till mwaka 1955. Sidai kuwa wimbo unalidokeza hilo, ila jina la mto halikuwa tupu masikioni mwa msikilizaji wa Mississippi.) Huenda redio za kantri, zilizozoea kisa chenye hatima, ziliuona haujakamilika.

Ubeti wa mwisho unaruka mwaka mmoja. Baba amekufa, kaka ameoa na kununua duka Tupelo, na mama, yule aliyeshangaa binti kukosa hamu ya kula, sasa hana hamu ya kufanya lolote. Binti anachuma maua na kuyadondosha mtoni. Wafiwa wawili wamebaki, na bado hatusikii wakizungumza.