Mashine Iliyoaminiwa Siri: Kukisoma Upya Kitabu cha Weizenbaum

Kitabu cha Joseph Weizenbaum, Computer Power and Human Reason, kilitolewa mwaka 1976. Tumekirudia kwa sababu mashine zinazozungumza kama watu sasa zimo mikononi mwa washarika wetu, na swali lake limekuwa letu.

Weizenbaum, mzaliwa wa Berlin aliyefundisha katika chuo cha MIT nchini Marekani, alitangaza mwaka 1966 programu ya kompyuta aliyoiita ELIZA. Iliiga tabibu wa nafsi anayemrudishia mgonjwa maneno yake kwa njia ya swali. Haikuelewa lolote. Ilitafuta neno kuu katika sentensi, ikageuza “mimi” kuwa “wewe”, ikajibu. Ilipokosa neno la kushika, ilimsihi msemaji aendelee. Mwandishi hakuificha siri hiyo. Aliieleza waziwazi, akitumaini kwamba mambo yakifahamika mshangao utakwisha.

Haukwisha. Katibu wake, aliyemwona akiitengeneza programu hiyo kwa miezi mingi, alipoanza kuongea nayo alimwomba atoke chumbani. Wako pia madaktari wa akili waliodhani kwamba programu za namna hiyo zingeweza siku moja kutibu wagonjwa. Hapo ndipo mwandishi anapojenga hoja yake kuu: si kila jambo ambalo kompyuta yaweza kulifanya linafaa kukabidhiwa kwake, hasa pale panapohitajika heshima, huruma na upendo.

Hoja hiyo twaikubali. Hata hivyo, twaona kwamba kitabu kinakemea zaidi kiburi cha wanasayansi na wepesi wa watu kuamini, wala hakituongozi vya kutosha kuhusu jinsi chombo chenyewe kinavyopasa kuundwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya juu ya akili bandia, iliyopitishwa mwaka 2024, yadai kwamba mtu ajulishwe anapozungumza na mashine. Ni sheria njema. Lakini katibu yule alikwisha kujua! Tangazo la mwanzo halifai kitu ikiwa kila neno linalofuata linalikanusha. Mashine inayosema “nakuhurumia” inajishuhudia uongo, hata kama imeandikwa jina lake usoni. Uwazi wa kweli hauna budi kukaa ndani ya usemi wenyewe: chombo kisidai hisia kisizo nazo, kikiri mipaka yake, kieleze maneno ya mtu yanahifadhiwa wapi na nani aweza kuyasoma, tena kimwelekeze mwenye shida kwa wanadamu wenzake.

Nasi wachungaji tusiishie kuwalaumu mafundi. Mchungaji hufungwa na kiapo asitoe siri ya maungamo. Mashine haina kiapo. Ikiwa msharika anaipendelea mashine hiyo kuliko ofisi ya usharika, yatupasa kumwuliza kwa upole ni kitu gani alichokikosa kwetu, na kumsikiliza hadi amalize.