Pongezi kwa walinzi wa msitu wa Rau

Msitu wa Rau, pembeni mwa mji wa Moshi, hauishi kwa mvua pekee. Unanyweshwa na maji ya ardhini yanayotoka Kilimanjaro. Ndiyo maana mbega, wala majani wasioacha miti mirefu ila kwa shida, bado wamo humo huku mashamba ya mpunga yakiwa jirani. Wanakijiji wanaojitolea kuulinda wanastahili pongezi za dhati, kwani anayezuia mti usikatwe humlinda mbega na watoto wake. Wapo wasemao hiyo ni kazi ya serikali. Kweli, msitu umehifadhiwa kisheria, lakini mlio wa msumeno husikiwa kwanza na jirani. Wengine hutetea kuni za maskini, nayo ni hoja nzito. Jibu lake ni miti ya kuni mipakani mwa mashamba. Halmashauri iwapatie walinzi hawa miche.