Safari Haikuanzia Bandarini

Mlioitazama ile ramani ya biashara ya watumwa ya Atlantiki, ya jarida la mtandaoni la Slate, ya 2015, mnaikumbuka: safari 20,528 za meli, miaka 315, zote kwa dakika mbili, nukta nyeusi zikimiminika kutoka Afrika kwenda Brazili na Karibi. Kanzidata iliyoilisha, SlaveVoyages, ni kazi ya miongo na sina neno nayo. Kosa liko pale nukta inapotokeza. Inatokeza ufukweni.

Irudieni sehemu hiyo muione vizuri. Nukta moja ni meli, na ukubwa wake ni idadi ya watu waliomo. Kabla meli haijang'oa nanga, hakuna mtu. Bara zima limeachwa tupu, kana kwamba watu waliota kwenye mchanga wa pwani. Kumbe wengi waliopakiwa Msumbiji au Luanda walikwishatembea wiki kadhaa, hata miezi, wamefungwa kongwa shingoni, wakiuzwa kutoka mkono hadi mkono. Waliofia njiani hawamo katika nukta yoyote. Mchoraji amefuata kumbukumbu za meli, na katika kumbukumbu hizo mtu huanza kuwapo siku ya kupakiwa. Basi tumechorewa safari kwa jicho la mnunuzi. Mishale minene ya vitabu vya shule nimeilalamikia miaka mingi kwa sababu hiyohiyo, na kompyuta haikuiondoa, imeitia mwendo tu.

Wala tusiambiwe kwamba habari za bara hazipatikani. Sigismund Koelle, mmisionari Mjerumani, aliketi Freetown na watu waliookolewa kutoka meli za watumwa, akawahoji mmoja mmoja: alizaliwa wapi, alikamatwaje, akiwa na umri gani? Majibu yamo katika *Polyglotta Africana* ya 1854: huyu alitekwa vitani, yule aliibwa, mwingine aliuzwa kwa sababu ya deni. Wamo hata watu wa Quelimane na wa nchi ya Wamaravi. Koelle alikuwa na kalamu na subira tu, akamfuatilia kila mmoja, kwa maswali, hadi kijijini kwake.

Wapo pia wachoraji wa leo waliolikwepa jicho hilo la mnunuzi. Mwanahistoria Vincent Brown, kwa ramani yake ya uasi wa watumwa wa Jamaica wa 1760, alifanya vizuri. Mwanahistoria mwenzake, Henry Lovejoy, ameanzia bara, kwenye vita vya kuanguka kwa dola ya Oyo, Afrika Magharibi, bila kuficha panapokisiwa.

Basi ninyi mtakaochora njia ya watumwa ya Kilwa, anzeni Ziwa Nyasa. Msipokuwa na uhakika, wekeni mstari wa kukatika-katika, lakini uwekeni.