Kuegemea Ukuta wa Mtu

Kitabu cha historia ya ukoo wetu kilikuwa na tanbihi 342 usiku ule kompyuta ilipojisasisha. Kesho yake asubuhi hakikuwa na hata moja iliyosomeka. Kijana anayenisaidia kazi ya kuchapa, ambaye ndiye aliyebonyeza kitufe cha kukubali, tena kwa nia njema kabisa, alinipigia simu kabla sijanywa chai.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, na kwa jinsi alivyoivuta ile shikamoo nikajua kuna jambo.

"Marahaba. Haya, sema."

"Programu imefunguka vizuri, Mwalimu, tena imependeza kuliko jana. Ila kile kiendelezi cha tanbihi imekikataa. Inasema hakipatani na toleo jipya."

Msomaji ambaye hajapatwa na balaa hili huenda akauliza kiendelezi ni kitu gani. Ni programu ndogo isiyoweza kusimama peke yake. Hupachikwa juu ya programu kubwa ili kuipa kazi ambayo wenyewe waliotengeneza ile kubwa hawakuifikiria, au waliifikiria wakaona haina wateja wa kutosha. Wengine huiita programu-jalizi. Mimi huifananisha na kile kibanda cha kuuzia mkaa ambacho mtu hukiegemeza kwenye ukuta wa nyumba ya jirani yake. Kibanda kina kuta tatu tu. Wa nne ni wa jirani. Siku jirani akiamua kuukarabati ukuta wake, hana haja ya kuwa na ubaya na muuza mkaa ili amwache juani.

Programu iliyonitenda hivyo sitaitaja, maana sikukusudia kuandika mashtaka, na isitoshe sijui ndani yake kulitokea nini. Lakini jambo lenyewe ni la zamani na limewafika watu wengi, na upo mfano mmoja ambao umefanyika hadharani tangu mwanzo hadi mwisho, kiasi kwamba mtu anaweza kuuhukumu bila kubahatisha. Nao ni ule wa kivinjari cha Firefox na viendelezi vyake.

Firefox toleo la 1.0 lilitoka tarehe 9 Novemba 2004. Wakati ule vivinjari vingine vilikuwa ni vitu vya kupokea kama ulivyopewa. Firefox ilikuja na karibisho: ukitaka kubadili chochote, badili. Kiendelezi chake hakikupewa dirisha dogo la kupitishia maombi. Kiliingizwa ndani kabisa, kikakaa na programu yenyewe katika chumba kimoja, kikashika vitufe vyake, menyu zake, mafaili yake, hata mishipa yake ya ndani. Sura ya Firefox iliandikwa kwa lugha iitwayo XUL, na kiendelezi nacho kiliandikwa kwa lugha hiyo hiyo. Hivyo aliyetaka kuongeza kitufe aliongeza, na aliyetaka kung'oa nusu ya kivinjari akaweka yake aling'oa. Ndivyo walivyopata umaarufu vijana kama Giorgio Maone wa Italia na NoScript yake, na ndivyo Firebug ilivyowafundisha watengenezaji wa tovuti duniani kote kuangalia ndani ya kurasa zao.

Uhuru ule ulikuwa na kasoro, na kasoro yenyewe iliandikwa katika faili dogo lililoitwa install.rdf. Humo mtengenezaji alitakiwa ataje namba mbili: toleo la chini kabisa la Firefox ambalo kiendelezi chake kingefanya kazi, na toleo la juu kabisa. Ile ya chini haina taabu. Mtu anajua alikotoka. Ya juu ndiyo kichekesho. Mtu anaulizwa leo aape juu ya kitu ambacho hakijatengenezwa, na ambacho si yeye atakayekitengeneza. Akitaja namba ndogo, kiendelezi chake kitazimwa siku toleo jipya litakapotoka, hata kama hakina kasoro yoyote. Akitaja kubwa, ameapa uongo.

Kwa miaka kadhaa jambo hili lilivumilika, kwa kuwa matoleo makubwa yalikawia. Kisha ukaja mwaka 2011. Toleo la 4 lilitoka mwezi Machi, na baada ya hapo Mozilla, wenye Firefox, wakaamua kutoa toleo jipya kila baada ya wiki sita au karibu na hapo. La 5 likatoka Juni, la 6 Agosti, la 7 Septemba, la 8 Novemba, la 9 Desemba. Matoleo sita katika mwaka mmoja! Wengi wa watengenezaji wa viendelezi walikuwa watu wa kujitolea, wenye kazi zao za mchana na watoto wao wa kulaza usiku, na sasa kila wiki sita walitakiwa waamke wabadili tarakimu moja katika faili moja. Mozilla wenyewe waliliona hilo, wakaweka mashine ya kukagua viendelezi vilivyokuwa katika ghala lao na kuvipandishia namba bila kumsumbua mwenye navyo. Watumiaji nao walikwisha kubuni lao: waliingia katika mipangilio ya ndani wakazima ule ukaguzi, wakasema liwalo na liwe. Mara nyingi halikuwa.

Tarehe 31 Januari 2012, katika toleo la 10, Mozilla walifanya jambo ambalo naliona ni la busara kuliko yote katika kisa hiki. Waligeuza dhana. Kuanzia hapo viendelezi vingi vilihesabiwa kuwa vinapatana na toleo jipya mpaka ithibitike kwamba havipatani. Ni ajabu kwamba ilichukua miaka mingi kiasi hicho kulitambua jambo ambalo hakimu wa mahakama ya mwanzo analijua siku ya kwanza kazini.

Lakini namba ilikuwa dalili tu. Ugonjwa wenyewe ulikuwa ni kule kukaa chumba kimoja. Kila Mozilla waliposogeza kiti, kuna kiendelezi kilichokuwa kimekikalia. Walipotaka kukigawa kivinjari katika sehemu zinazoendeshwa mbalimbali, ili ukurasa mmoja ukikwama usiikwamishe programu nzima, viendelezi vya zamani vilikuwa ndivyo kizuizi. Mpango huo ulipoanza kuwafikia watumiaji, katika toleo la 48 la Agosti 2016, walioanza kupewa ni wale wasiokuwa na kiendelezi hata kimoja. Tazama mambo yalivyopinduka: wateja waliokuja kwa ajili ya viendelezi ndio waliowekwa mwisho wa foleni, kwa sababu ya viendelezi hivyo hivyo.

Mwezi Agosti 2015 Mozilla walikuwa wamekwisha kutangaza kwamba njia ya zamani itafungwa na badala yake kutakuwa na mpya, WebExtensions, inayofanana sana na ile ya kivinjari cha Chrome. Tarehe 14 Novemba 2017 likatoka toleo la 57, na siku hiyo kila kiendelezi cha mtindo wa zamani kikakoma kufanya kazi ndani yake.

Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa. Wapo waliosema Mozilla wamewasaliti waliowajenga. Hapo mimi siko upande wao. Kiendelezi kilichoweza kufanya lolote ndani ya kivinjari kiliweza pia kusoma lolote, na kivinjari cha leo ndicho kinachobeba barua, fedha na siri za mtu. Mwenye nyumba aliyegundua kwamba wapangaji wote wana ufunguo wa chumba chake cha kulala hana budi kubadili kufuli, hata kama ni yeye mwenyewe aliyezigawa funguo hizo. Na kasi ya toleo la 57 ilionekana kwa macho. Sikuihitaji saa kuipima.

Ninalowalaumu ni jingine. Kwa miaka kumi na tatu waliwaacha watu wajenge bila kuwaambia kipi ni ahadi na kipi ni bahati. Palikuwa na milango waliyoifungua kwa makusudi, na palikuwa na madirisha ambayo hawakukumbuka kuyafunga, na mtengenezaji wa kiendelezi hakuwa na njia ya kuvitofautisha. Vyote vilipitika. Kila aliyepita dirishani akaona mwenye nyumba ananyamaza, tena anajisifu kwa majirani jinsi nyumba yake ilivyojaa wageni, alikuwa na haki ya kudhani anaruhusiwa.

Halafu lipo suala la tarehe. Notisi ya miaka miwili na zaidi si ndogo, nakubali. Lakini tarehe ya kubomoa ilipangwa, na mlango mpya ulikuwa bado unapigwa randa. Kazi ambazo viendelezi vilizihitaji zilikuwa zikiongezwa moja moja hadi miezi ya mwisho, na nyingine hazikuongezwa kabisa. NoScript, ambayo mwenyewe alishirikiana nao kwa karibu, ilichelewa kwa siku kadhaa, na ilipokuja sura yake ilikuwa ngeni kiasi kwamba watumiaji wa miaka mingi walipotea ndani yake. DownThemAll!, iliyosaidia kupakua mafaili mengi kwa mkupuo, ilirudi mwaka 2019 ikiwa imepunguzwa baadhi ya uwezo wake. Firebug haikurudi, kazi yake ilikwisha kumezwa na zana za kivinjari chenyewe, na pengine hiyo ndiyo heshima kubwa ambayo kiendelezi kinaweza kupewa. Wasioweza kuhama walijibanza katika toleo la 52 la muda mrefu, ambalo lilihudumiwa hadi Septemba 2018, kisha nalo likafika mwisho wake.

Je, palikuwa na njia nyingine? Watu wa Linux wanayo yao, na kila nikiifikiria naona inafundisha, ingawa haikufaa kwa Firefox. Linus Torvalds ana amri moja isiyo na mjadala: programu ya mtumiaji iliyokuwa ikifanya kazi jana isivunjwe na kiini kipya. Lakini ndani ya kiini chenyewe, baina ya sehemu na sehemu, hakuna ahadi yoyote. Greg Kroah-Hartman aliandika waraka mzima kueleza kwa nini haitakuwapo. Wanaotengeneza viendeshi vya vifaa wanaambiwa waziwazi: leteni kazi yenu ikae humu ndani pamoja na yetu. Ikikaa humu, basi anayebadili ukuta ndiye anayetakiwa arekebishe na kila kilichouegemea, siku hiyo hiyo, kwa mkono wake. Ikikaa nje, shauri yako. Ni kauli kali, ila hakuna anayeweza kusema hakuambiwa. Mozilla wasingeweza kubeba maelfu ya viendelezi vya watu ndani ya nyumba yao, hilo ni kweli. Lakini ile nusu ya kwanza, ya kusema mapema mpaka uko wapi, haikuwa na gharama yoyote.

Kilichonishangaza zaidi ni kisa cha Zotero. Ilianza mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, ikiwa kiendelezi cha Firefox cha kuwatunzia watafiti marejeo yao. Kwa sababu ya mabadiliko haya haya ilijitoa. Toleo lake la 5, Julai 2017, likawa programu inayosimama kwa miguu yake. Ila miguu hiyo ilikuwa bado ya Firefox, kwa maana ndani yake walitumia mtambo ule ule wa Mozilla. Nayo, kama kila programu inayopendwa, ikaota viendelezi vyake. Agosti 2024 wakatoa toleo la 7, na kwa kuwa waliuvusha ule mtambo wa ndani kutoka Firefox 60 hadi 115 kwa mkupuo, viendelezi vya zamani vilivunjika vyote, wenyewe wakalazimika kuviandika upya. Mpangaji aliyebomolewa kibanda sasa alikuwa mwenye nyumba, na nyundo iko mkononi mwake.

Kwa haki yao, walijitahidi. Waliwapa watengenezaji toleo la majaribio muda mrefu kabla, wakawaandikia mwongozo wa kipi kimebadilika na kibadilishwe vipi. Na katika faili la maelezo la kila kiendelezi waliiweka tena namba ile ya juu: mwenye kiendelezi ataje toleo la mwisho alilojaribu, na asivuke hapo. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu, maana ndiyo ile namba ya install.rdf iliyowatoa watu jasho mwaka 2011. Lakini nikaona wana hoja. Matoleo yao makubwa hayafuatani kila wiki sita, na namba ile haimlazimishi mtu kuapia asichokijua. Inamtaka aseme alichokijaribu, basi.

Huyo aliyetengeneza kiendelezi changu cha tanbihi nilimwandikia. Alinijibu baada ya siku nne, kwa adabu, kwamba anafundisha shule ya sekondari, kwamba mitihani iko karibu, na kwamba wenye programu kubwa walibadili kitu ambacho hata yeye hakujua kuwa anakitegemea. Ataangalia likizo. Sikuwa na la kumwambia zaidi ya asante. Hajawahi kunitoza hata senti.

Kijana wangu ndiye aliyeokoa kitabu. Alipata kompyuta ya zamani ofisini kwa mjomba wake, yenye lile toleo la kabla, akaichomoa waya wa mtandao, akahamishia humo nakala ya juma lililotangulia. Tanbihi 329 zilirudi. 13 nilizoziongeza juma lile nimezichapa tena kwa kukumbuka na kwa kupekua daftari. Kompyuta hiyo sasa iko kwangu, mezani karibu na dirisha, na juu yake amebandika karatasi aliyoiandika kwa kalamu nyekundu: USISASISHE. Imebaki milango miwili ya kitabu, na likizo ya yule mwalimu mwenzangu inaanza mwezi ujao.