Zawadi Iliyokataliwa

Katika Kitabu cha Mwanzo twasoma ya kuwa Kaini, baada ya kumwua ndugu yake, alikwenda kukaa upande wa mashariki ya Edeni. Maneno hayo ndiyo jina la filimu ya Kimarekani, East of Eden, iliyotolewa mwaka 1955. Aliyeitengeneza ni Elia Kazan, naye aliitoa katika kitabu kikubwa cha John Steinbeck cha mwaka 1952. Kitabu chasimulia vizazi kadhaa. Filimu imechukua sehemu ya mwisho tu. Msomaji atatuuliza: filimu ya zamani namna hii yatufaa nini? Twamjibu: ndani yake mna baba mwema anayemwumiza mtoto wake kwa huo wema wake, na jambo hilo ni nadra kuonyeshwa waziwazi hivi.

Hadithi ni ya mwaka 1917, katika bonde la Salinas, California. Adam Trask, mkulima mcha Mungu, ana wana wawili. Aron ni mtii. Cal ni kijana asiyetulia, hana rafiki, hupanda juu ya gari moshi la mizigo mpaka mji wa Monterey. Baba amewaambia ya kuwa mama yao amekufa. Cal amevumbua ya kuwa yu hai, na huko Monterey ana nyumba ya ukahaba. Basi anajihukumu mwenyewe: Aron amepata wema wa baba, yeye amepata ubaya wa mama. Mtoto wa nyoka ni nyoka! Methali hiyo twaitumia ovyo, hata mbele ya watoto wenyewe. Hapa twamwona kijana aliyeimeza.

Jioni moja, mezani, baba anamwadhibu kwa kumsomesha Zaburi ya toba, ile ya 32 (katika vitabu vya zamani vya Kanisa ni ya 31). Cal anaisoma pamoja na hesabu za mistari, makusudi, ili kumwudhi mzee. Baba anamwambia hana majuto. Kweli hana. Lakini nani amepata kujuta kwa kulazimishwa kusoma? Kazan ameinamisha kamera mahali hapo hata meza yaonekana imelala upande. Hatukuupenda ujanja huo; nyuso mbili zile zilitosha.

Sasa tufike penye kiini. Adam alijaribu kusafirisha mboga ya saladi katika gari moshi lenye barafu. Njia ikazibwa, barafu ikayeyuka, mali yake ikapotea. Cal anakopa dola 5000 kwa mama yake, analima maharagi, na kwa kuwa Marekani imeingia vitani bei yapanda. Siku ya kuzaliwa ya baba anamletea feza zile, zimefungwa kama zawadi. Baba anazikataa. Yeye ni mmoja wa wale wanaoandika majina ya vijana wa kwenda vitani. Atapokeaje faida iliyotoka katika vita hivyo? Afadhali Cal angempa kitu kama alichotoa Aron, yaani habari ya uchumba wake na Abra.

Wako watakaosema: baba ana haki. Nasi twasema hivyo. Feza zile hazikuwa safi kabisa, na mtu wa dhamiri aliweza kuzikataa. Ila aliangalia feza, hakumwangalia mwana aliyesimama mbele yake. Angaliweza kuzirudisha kesho yake na kumkumbatia leo. James Dean, aliyemwigiza Cal, alipaswa kugeuka na kwenda zake. Badala yake alimwangukia baba kifuani akilia, na Raymond Massey, aliyekuwa baba, hakuyatazamia hayo. Mshangao tuuonao usoni pake ni wa kweli. Dean alikufa kwa ajali ya motokari tarehe 30 Septemba mwaka uleule, mwenye miaka 24 tu.

Yafuatayo hayatupendezi yote. Kwa uchungu Cal anampeleka Aron kwa mama yao, ajionee. Aron anavunjika, analewa, anapanda gari moshi la askari. Baba anapatwa na kiharusi. Lakini Kazan anampenda Cal mno hata amemfanya Aron kuwa kijiti cha kuvunjwa. Machozi yetu yote yachotwa kwa Cal, na yule mwingine, aliyedanganywa tangu utoto, anaondoka hata bila kuulizwa habari zake. Vilevile filimu imemwacha Lee, mtumishi Mchina, ambaye katika kitabu anachunguza neno Mungu alilomwambia Kaini juu ya kuitawala dhambi. Hilo ni pengo kubwa. Jo Van Fleet, aliyekuwa mama, alistahili tuzo ya Oscar aliyopewa; maonyesho yake ni machache, ila hatumsahau.

Lakini mwisho wa filimu watoa jibu ambalo hatukulitazamia. Adam amelala, hawezi kusogea. Abra anamsihi: mtoto asiyeombwa kitu hajui kama ana mahali nyumbani, mpe ishara, mwombe kitu. Muda wote Cal amekuwa akitoa, akitoa, kama mtu alipaye deni, na baba hakuhitaji chochote chake. Kumbe alilolitaka ni kuhitajiwa! Mle ndani mna mwuguzi mwanamke, mwenye maneno mengi, anayeudhi kila mtu. Adam anamnong'oneza mwanawe ya kuwa hamwezi mwuguzi huyo. Kisha anaongeza: usilete mwingine, unitunze wewe. Cal anavuta kiti, anakaa karibu na kitanda.