Jinja iliwapa nyumba, Mbale ikawapa kazi

Mwishoni mwa 2014 Uganda ilipigiana kelele kwa sababu ya orodha moja. Serikali ilikuwa inajiandaa kupeleka Trinidad na Tobago wahudumu wa afya zaidi ya 250, wakiwemo madaktari bingwa ambao nchi yenyewe ilikuwa nao wachache mno. Wanaharakati walikwenda mahakamani, na Ubelgiji ikasitisha msaada wake kwa sekta ya afya. Lawama nyingi ziliielekea serikali. Kwa nini daktari mwenyewe alikuwa tayari kupanda ndege, hilo halikujadiliwa sana.

Lakini wakati huohuo, mjini Mbale, chini ya miamba ya Wanale, kulikuwa na hospitali iliyokwenda kinyume cha mkondo. Ukipiga hesabu za kawaida, Mbale haikustahili kuwa na mpasuaji wa ubongo hata mmoja. Iko mbali na Kampala, na mwaka 2000 mabingwa wa fani hiyo Uganda nzima walihesabika kwa vidole. Hata hivyo hospitali ya watoto ya CURE iliwapata Waganda, ikawafundisha, ikabaki nao.

Ilifanyaje? Jibu halianzii ofisi ya utumishi. Linaanzia kwenye ugonjwa.

Benjamin Warf, mpasuaji wa ubongo kutoka Marekani, alihamia Mbale na familia yake mwaka 2000. Alikuta watoto wachanga wengi kuliko alivyotarajia, vichwa vimevimba kwa maji yasiyopata pa kutokea. Utafiti aliouchapisha 2005 ulionyesha kwamba karibu asilimia 60 ya watoto hao walikuwa wameugua kwanza maambukizi. Tiba iliyozoeleka ni mrija: huingizwa ubongoni, hupitishwa chini ya ngozi ya shingo na kifua, na kumwaga maji tumboni. Tatizo la mrija ni kwamba huziba. Ukiziba usiku mjini Boston, mtoto hufika hospitali kabla ya jua kuchomoza. Ukiziba kijijini Karamoja, mama anaanza kutafuta nauli.

Swali la kwanza lililotokana na hali hiyo lilikuwa la bei. Mrija wa Kimarekani uligharimu takriban dola 650, ule wa Kihindi uitwao Chhabra dola 35 hivi. Hospitali ililinganisha aina hizo mbili kwa watoto 195 na kuwafuatilia kwa mwaka mzima. Haikuona tofauti ya maana.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi: je, mtoto anaweza kupona bila mrija kabisa? Kamera nyembamba inayopinda huingizwa katika vyumba vya ubongo. Mpasuaji, macho yakiwa kwenye skrini, hutoboa tundu dogo kwenye sakafu ya chumba cha tatu ili maji yapate njia mpya. Warf aliongeza hatua: baada ya tundu, aliunguza kwa umeme tishu laini inayotengeneza maji hayo, akizunguka na kamera taratibu kutoka upande mmoja hadi wa pili. Katika utafiti wa watoto 550, tundu peke yake lilifaulu kwa asilimia 47 ya wale wa chini ya mwaka mmoja. Tundu pamoja na kuunguza lilifaulu kwa asilimia 66.

Msomaji atauliza haya yanahusu nini na kuajiri. Yanahusu kila kitu. Tangu njia hiyo ilipoanza, daktari kijana aliyetaka kuijua kazi hiyo kwa kina hakulazimika kwenda Ulaya. Mahali pa kuisomea palikuwa Mbale. Wapasuaji kutoka nchi nyingine za Afrika na Asia walianza kuja kufundishwa pale, na Mganda aliyezoea kuwa mwanafunzi wa wageni akajikuta mwalimu wao. Wagonjwa hawakukosekana, wala kamera haikukaa kabatini ikisubiri fundi. Madaktari wa hospitali za serikali wanapolalamika, mshahara ni sehemu tu ya kilio: nusu nyingine ni glavu zilizokwisha, umeme uliokatika, mgonjwa aliyekufa kwa kitu ambacho daktari alikijua na hakuwa nacho mkononi. Ujuzi usiotumika huoza, na mwenye nao anajua.

Mtihani wa kweli ulikuja 2006, Warf alipoondoka. Miradi mingi ya kigeni hufia hapo, mzungu akishafunga mabegi. Huko Mbale uongozi wa tiba ulikwenda kwa John Mugamba, Mganda aliyefundishwa palepale, na upasuaji ukaendelea. Heshima za Marekani, ikiwemo tuzo ya MacArthur ya 2012, zilimfuata Warf. Kazi ilibaki na wenyeji.

Jinja, mji mwingine wa mashariki mwa Uganda, ilikwisha kulijibu swali hilohilo la kumfanya mfanyakazi abaki, kwa namna nyingine kabisa. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa Aprili 1954, na kiwanda cha nguo cha Nytil kikaanzishwa, kilio cha waajiri kilikuwa kimoja: mfanyakazi anafika, anajifunza mashine, kisha anarudi kwao. Walter Elkan, mchumi aliyekuwa Makerere, alieleza katika kitabu chake cha 1960 kwamba mtu huyo hakuwa mvivu wala mjinga. Shamba la nyumbani lilikuwa akiba yake na pensheni yake. Kuliacha kwa mshahara wa mtu mmoja kungekuwa ndio ujinga.

Serikali ya kikoloni ikajenga nyumba za mtaa wa Walukuba. Kando ya mji, Muljibhai Madhvani, aliyeanza kusaga miwa Kakira mwaka 1930, alikwenda mbali zaidi: laini za nyumba, shule, hospitali, maji. Mfanyakazi akiwa na mkewe na wanawe wanasoma hapohapo, kuhama kunakuwa jambo la familia nzima. Mfumo huo uliporomoka baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972. Ukoo wa Madhvani uliporejea 1985, haukufufua mitambo tu bali na nyumba, shule na zahanati pia, kwa sababu bila hivyo mkata miwa na fundi wa boila wasingekaa.

Kwa tathmini ya safu hii, njia ya Jinja ina nguvu na ina kasoro yake. Nyumba ya kampuni ni ya kazi: kazi ikiisha, funguo hurudi. Inamshika mtu kwa kile atakachopoteza. Mbale ilifanya jambo la hatari zaidi kwa mwajiri. Ilimpa daktari kitu anachoweza kuondoka nacho kesho, tena kinachompandisha bei sokoni, na bado akabaki.

Isitiwe chumvi. CURE ni shirika la Kikristo linaloendeshwa kwa michango, na fani yake ni moja, nyembamba. Hospitali ya rufaa yenye wodi kumi na bajeti ya wizara haiwezi kuiga kila kitu. Tena fedha si mchezo: mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa daktari anayeanza hadi shilingi milioni 5 kwa mwezi, na wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada hadi milioni 4. Walimu wa masomo ya sanaa walioachwa nyuma wakagoma Juni ileile. Anayesema watu hawafuati pesa hajawahi kulipa karo. Ila nyongeza hiyo haikununua kamera wala glavu.

Desemba 2017 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti wa watoto 100 wa Uganda, uliolinganisha mrija na njia ya kamera. Ukuaji wa akili wa watoto baada ya mwaka mmoja haukutofautiana. Kati ya waandishi, jina la tatu, la nne na la tano ni Mbabazi-Kabachelor, Mugamba na Ssenyonga. Anwani yao ya kazi katika utafiti huo ni Mbale.