Mwalimu na Sarafu Mbili

Mwaka 1754 Jean le Rond d'Alembert, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ufaransa, aliandika katika Encyclopédie kwamba ukirusha sarafu mara mbili, uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja ni 2/3. Hoja yake ilikuwa hivi: kichwa kikitokea mara ya kwanza, shughuli imekwisha, kisipotokea, tunarusha tena, na hapo ni kichwa ama mwenge. Matokeo ni matatu, na mawili kati yake ndiyo tunayoyataka. Kumbe jibu ni 3/4, kwa kuwa matokeo hayo matatu hayana uzito sawa. La kwanza limebeba nusu nzima peke yake, na mawili yaliyobaki yanagawana nusu nyingine.

Hoja hiyo hiyo huandikwa kila mwaka kwenye daftari za kidato cha nne, na watoto ambao hawajawahi kulisikia jina la d'Alembert. Si uvivu wala ujinga. Ni akili inayofanya kazi haraka, ikayahesabu matokeo kabla ya kuuliza kama yanalingana. Ndiyo maana nasema mwanachuo wa ualimu anayejiandaa kwa mtihani wa stashahada, akikaa usiku na maswali yake ya uwezekano na takwimu, anajifunza ufundi wa aina mbili kwa mkupuo mmoja. Wa kwanza ni kupata jibu. Wa pili, ambao ndio hasa kazi yake ya maisha, ni kulijua kosa kwa undani kiasi cha kuweza kuonesha lilikotoka.

Ufundi huu wa pili hauji kwa kukariri kanuni. Unakuja kwa kufanya swali, ukalipata, halafu ukalirudia kwa makusudi kwa njia ambayo mwanafunzi mwerevu mwenye haraka angelifanya. Tuseme mfuko una punje 5 za mahindi na 3 za maharage. Unatoa punje mbili, moja baada ya nyingine, bila kurudisha. Uwezekano kwamba zote mbili ni mahindi ni 5/8 mara 4/7, yaani 20/56. Zote maharage: 3/8 mara 2/7, yaani 6/56. Moja ya kila aina: hapo wengi huandika 5/8 mara 3/7, wakapata 15/56, wakafunga daftari.

Fundi hafungi daftari. Anajumlisha. 20 na 6 na 15 ni 41, na 41/56 haifiki 1. Pengo lililobaki ni 15/56 kamili, na pengo hilo lina jina: ni tawi la mchoro wa mti lililosahaulika, lile ambapo haragwe lilitangulia na hindi likafuata. Napenda swali hili kuliko maswali mengi ya hisabati, kwa sababu kosa lake linajitaja lenyewe. Mwalimu aliyewahi kulifuatilia kwa mkono wake hatamwambia mwanafunzi "umekosea". Atamwambia "jumlisha matawi yako," kisha atanyamaza, na mtoto atauona mwenyewe upungufu na ukubwa wake.

Mchoro wa mti unastahili sifa zaidi ya unazopewa. Wako wanaouona kama kitu cha wanaoanza, wanaharakia kanuni za mpangilio na uteuzi zenye alama nyingi. Sikubaliani nao. Galileo, mwanzoni mwa karne ya 17, alikabili swali la wacheza dadu: ukirusha dadu tatu, kwa nini jumla ya 10 hutokea mara nyingi kidogo kuliko 9, ilhali kila moja huundwa kwa makundi sita ya namba? Alijibu kwa subira ya kuorodhesha. Kundi la 3, 3, 3 linaweza kutokea kwa njia moja tu. Kundi la 1, 4, 4 lina njia tatu, na 1, 3, 5 lina njia sita. Ukizihesabu zote kati ya 216, jumla ya 9 ina njia 25, na jumla ya 10 ina njia 27. Tofauti ni 2/216, ndogo kuliko 1 katika 100. Hakuna kanuni ngumu pale, ni orodha iliyoandikwa bila kuruka kitu. Anayejiandaa kwa mtihani akiziandika njia hizo 25 kwa mkono wake mara moja tu maishani, hatahitaji tena kuambiwa kwa nini mpangilio una maana.

Maswali ya karata ni habari nyingine. Mitihani inayapenda: karata 52, toa moja, uwezekano wa kupata ree ni 4/52, yaani 1/13. Lakini wapo wanachuo, wa pwani na wa bara, waliolelewa katika nyumba ambazo karata haziingii kwa kuwa ni mlango wa kamari. Wamefika chuoni hawajui kopa wala shupaza. Kwao swali hilo linapima malezi kabla ya kupima hisabati. Mwanachuo hana budi kuijua pakiti hiyo kwa ajili ya mtihani, na karatasi ya manila iliyokatwa vipande 52 inatosha kabisa. Akishakuwa mwalimu, atakuwa na sababu ya kutunga maswali yake kwa mahindi na maharage.

Kuna jambo moja ambalo naona halitiliwi mkazo wa kutosha katika maandalizi: tofauti kati ya matukio huru na matukio yasiyoweza kutokea pamoja. Yanasikika kama ndugu. Yote mawili yanaonekana kuzungumzia vitu "visivyohusiana". Hata hivyo, kama matukio mawili hayawezi kutokea pamoja na kila moja lina uwezekano uliozidi sifuri, basi hayawezi kuwa huru. Ukiambiwa moja limetokea, umeshajua kwa hakika kwamba jingine halikutokea. Na habari nzito kuliko hiyo haipo. Mwanachuo anayelielewa jambo hili kwa sababu yake, si kwa jedwali la kanuni, ameshapita sehemu ngumu ya mada nzima.

Takwimu zina ladha nyingine. Katika mtaala uliotumika kwa miaka mingi nchini Tanzania, zilifundishwa kabla ya uwezekano, na wengi huzikumbuka kama kazi ya majedwali: madaraja, marudio, marudio limbikizi. Chukua alama za wanafunzi 20: sita wako kati ya 41 na 50, kumi kati ya 51 na 60, wanne kati ya 61 na 70. Ukichukua 55.5 kuwa wastani wa kudhania, mikengeuko ni -10, 0 na 10. Kila mmoja ukizidishwa kwa marudio yake, jumla ni -20. Gawa kwa 20, toa 1, wastani ni 54.5. Ni hesabu safi, ya haraka, na inafanyika bila kikokotoo. Lakini ukija kwenye mediani, kanuni inakutaka uanzie 50.5, si 51. Ukianzia 51 unapata 55 badala ya 54.5. Kwa nini 50.5? Wengi hujibu kwamba ndivyo kitabu kinavyosema. Sababu ni kwamba tumeyachukulia madaraja kama yanagusana, bila ufa kati ya 50 na 51, na mahali yanapogusana ni katikati ya hapo. Swali dogo la namna hiyo ndilo linalomtofautisha mwalimu na msomaji wa kanuni.

Halafu kuna kuujua wastani kwa tabia yake. Sensa ya mwaka 2022 ilionesha kwamba kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3. Hakuna kaya hata moja yenye watu 4.3, na bado namba hiyo ni ya kweli, na wapangaji wa maji, shule na vyandarua wanaihitaji. Mtoto akicheka kusikia 0.3 ya mtu, amegusa jambo lenye kina: wastani haumwelezi yeyote, unaeleza mgawanyo. Mwalimu amwache acheke, kisha amuulize ni habari gani nyingine angependa kuijua kuhusu kaya hizo. Hapo mtawanyiko unaingia darasani kwa mlango wake halali.

Uzito wa mada hii unaonekana zaidi inapotoka darasani. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha mwaka 1954 utafiti wake uliofanywa Afrika Mashariki, unaoonesha kwamba wenye chembe moja ya urithi ya selimundu wana kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo sababu chembe hiyo imeenea sana katika maeneo yetu. Baba na mama ambao kila mmoja anaibeba bila kuugua, huelezwa hospitalini kwamba uwezekano wa mtoto kuzaliwa na ugonjwa ni 1 kati ya 4. Wazazi wengi husikia ahadi ndani ya maneno hayo: kati ya watoto wanne ataugua mmoja, na akishazaliwa huyo, watatu wanaofuata wamesalimika.

Hesabu inasema vingine. Kila mimba inaanza upya na ile 1/4 yake. Katika familia nyingi za watoto wanne zenye wazazi wa namna hiyo, uwezekano wa kutokuwa na mgonjwa hata mmoja ni 81/256. Mmoja tu: 108/256. Wawili au zaidi: 67/256. Jumlisha, ni 256 kamili. Kile ambacho wazazi walidhani ndicho kanuni hutokea chini ya nusu ya wakati, na zaidi ya familia moja kati ya nne hupata wagonjwa wawili au zaidi. Mama aliyepata mtoto wa pili mgonjwa hakukosea lolote, wala hakuna aliyemroga. Mwalimu wa hisabati kijijini anaweza kuwa mtu pekee wa karibu anayeweza kumchorea matawi hayo, na anaweza kwa sababu aliwahi kuyafanyia mazoezi akidhani ni kwa ajili ya mtihani.

Kwa anayejiandaa sasa, ningependekeza zoezi moja ambalo halimo katika mitihani ya miaka iliyopita. Ligawe kundi lako la kusomea mara mbili. Nusu moja warushe sarafu mara 100 na kuandika K au M kwa kila mrusho. Nusu nyingine wabuni tu mfululizo wa herufi 100 bila sarafu, wakijitahidi ufanane na wa kweli. Wewe toka nje, kisha urudi kuzitenga daftari. Tafuta mahali ambapo herufi moja imejirudia mara sita au zaidi bila kukatika. Katika mirusho 100 ya kweli, uwezekano wa kupata mfululizo kama huo ni karibu 0.8. Wanaobuni huogopa kuandika M ya tano, wakihisi kwamba sasa ni zamu ya K. Ni hisia ile ile ya wazazi wanaosubiri watoto watatu wazima. Utakosea mara chache kuzitenga. Wakikuuliza umejuaje, usiwaambie bado. Warudishie daftari na uwaombe wahesabu, katika kila moja, ni mara ngapi M imefuatwa na M nyingine.